Pindo la Asilimia Sita

Singida mjini, Jumatatu 1 Desemba 2025

Hezekia, unalalamika kwamba kwenye simu mimi ni mtu wa "tupo, hatujambo, mvua bado". Unataka niandike yale nisiyoyasema, nije nayo siku nitakayokuja. Haya, daftari ndilo hili. Ukilisoma usinicheke hati, kompyuta imeniharibu mkono.

Nianze na unayoyajua, ili siku moja tukiwa wazee tusibishane. Nina miaka thelathini na sita. Nafundisha chuo Dodoma, ila muhula huu nimeomba likizo nikae na mama, maana ametolewa mtoto wa jicho la kulia na la kushoto linasubiri zamu. Mama ni yuleyule, Dina fundi cherehani wa kibarazani kwa Chandrakant muuza vitambaa. Wewe uko kule. Hapa nyumbani hatuitaji nchi kwa jina, tunasema "kule" tu na kuonyesha dirisha kwa kidevu. Una miaka miwili na miezi minne huko, na umekuja mara moja, siku kumi na tisa. Tuliomba mara mbili nikufuate kama mke wako, na mara mbili tukajibiwa kwa maneno yaleyale ya adabu.

Imebaki njia moja, nayo ni kazi hii. Mradi wa chuo chenu na chetu unatengeneza rada bapa ya kutazama mawingu ya mvua sehemu kavu kama hizi, na mimi ndiye ninayechora saketi yake ya kuchelewesha mawimbi. Ikitoka kiwandani utaipima wewe mwenyewe huko maabara. Makosa yake yasipozidi digrii tano, mradi unanichukua huko miaka miwili. Yakizidi, nachora upya nikiwa hapahapa na kusubiri zamu nyingine ya kiwanda, ambayo ni mwaka mzima baadaye. Mungu anisamehe, wenzangu wanaitaka rada. Mimi nakutaka wewe.

Alhamisi 4 Desemba

Mvua bado. Mzee Chandrakant amenipa chumba cha juu ya duka lake, katikati ya majora ya kaki na ya bluu, kwa sababu ana betri za sola na mtandao wake haukatiki ovyo. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, halafu akauliza mume anarudi lini. Nikamwambia bado. Kila siku swali hilohilo, na kila siku analiuliza kama vile jana hatukuonana.

Mama naye kauliza hasa ninafanya nini huko juu. Nikamwambia: wanawake wawili mnatwanga kinu kimoja, mwenzako akishusha mchi wewe unapandisha, na ukikosea hata kidogo michi inagongana. Antena bapa ina midomo mingi, kila mdomo unatoa wimbi lake. Ukiyachelewesha kwa vipimo, huu kidogo, ule zaidi, mawimbi yote yanaelekea upande mmoja, na rada inatazama huko bila kugeuza shingo. Kila wimbi linapewa njia fupi na njia ndefu, na swichi ya umeme inachagua ipi. Ina mikono minne ya namna hiyo. Mdogo unachelewesha digrii ishirini na mbili na nusu, wa pili arobaini na tano, wa tatu tisini, mkubwa mia na themanini. Ukiichanganya unapata hatua kumi na sita, karibu mzunguko mzima.

Mama akafikiri, akasema kumbe wasomi mnalipwa kwa kuchelewesha.

Kabla ya ile ndogo ya kiwandani natengeneza kwanza kubwa ya majaribio, kwenye bodi ya shaba. Kila njia ndefu nimeiongezea asilimia sita ili nikipima niweze kuipunguza kwa wembe hadi ikae. Ziada hiyo kwenye faili nimeipa jina la pindo. Ningeiita nini kingine, mtoto wa fundi?

Ijumaa 12 Desemba

Dodoma kwenda na kurudi. Bodi imepimwa chuoni. Nimekaa na wembe na kioo cha kukuzia saa nne nzima, nikipunguza shaba kidogo na kupima, kidogo na kupima, mpaka mikono yote minne imetii. Nilitamani uwepo uone. Kurudi, Manyoni tulinunua maji na mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa reli, lakini hayakumwaga hata tone.

Jumanne 16 Desemba

Mvua bado. "Mume anarudi lini?" Bado.

Jumamosi 20 Desemba

Imenyesha! Tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na bati la Chandrakant halikutuacha tusikilizane. Mama mkwe Klara amepiga simu kutoka Nduguti, wameshaanza kupanda alizeti. Ameuliza afya yangu, ya mama, ya jicho. Kuhusu mtoto hakuuliza, hajawahi kuuliza tangu tuoane. Zamani nilidhani ni kutonijali. Siku hizi naona anaipita sehemu hiyo polepole ili asinikanyage, nami nikikata simu huwa nalia kidogo.

Alhamisi 25 Desemba

Noeli. Kanisani kwaya iliimba vizuri na mimi sikusikia chochote. Tulikula kuku na pilau, mama akaweka sahani ya tatu kisha akaiondoa, nami nikajitia sijaona.

Mchana tukaongea. Ulinionyesha theluji dirishani na mti wa jirani. Nikasema ni pazuri. Hapa niandike kweli: sikuutazama mti. Niliangalia shati lako, lile la mistari, ambalo kola yake imechakaa na hakuna wa kuigeuza. Nilikuwa nahesabu vitu ninavyovikosa na vyote ni vya kijinga. Unavyoniita kutoka bafuni ukiwa umesahau taulo, kila siku, kama vile ni jambo jipya. Unavyosukuma mlango kwa mguu. Unavyosema "ehe" ninapokuhadithia jambo, hata kama hunisikilizi. Simu haileti "ehe" yako kwa wakati. Inakuja imechelewa, inaangukia juu ya neno langu lingine, tunanyamaza wote wawili kupishana, kisha tunaanza wote wawili tena.

Nina hamu na wewe. Ningelisema hilo kwenye simu tungekaa kimya mpaka salio liishe.

Jumamosi 3 Januari 2026

Sasa naipunguza saketi iingie kwenye kijiwe, chipu yenyewe, kidogo kama nusu punje ya mchele, chembamba kama unywele. Njia ya digrii mia na themanini imekuwa milimita tano na nusu hivi, imejikunja kama utumbo wa kuku. Hapa hakuna wembe. Kitakachotoka kiwandani ndicho hicho, hakipunguzwi, hakiongezwi. Nimetumia faili lile la bodi, nikabadilisha vipimo kimoja kimoja kwa sababu nilishalizoea.

Mvua kidogo jioni.

Alhamisi 8 Januari

Shule zinafunguliwa wiki ijayo, kibarazani hapapitiki. Jicho la mama bado halioni uzi, kwa hiyo asubuhi nakata na kutunga sindano, mchana napanda juu kwenye saketi. Jumatatu nilikata sketi sita nikiwa na kichwa cha milimita, nikaacha pindo la vidole viwili. Juzi mama mmoja wa Misuna alirudisha moja, akaitupa juu ya cherehani. Binti yake ni wa darasa la kwanza, na sketi inatakiwa imfikishe la nne. Mama yangu alimwomba radhi, akamkatia nyingine papo hapo, kisha akanigeukia.

"Wewe unamkatia mtoto wa leo," aliniambia. "Mimi namkatia wa mwaka keshokutwa. Acha vidole vinne, halafu niachie na kimoja changu."

Nimeshakata arobaini na tatu tangu hapo na zote zina vidole vitano. Mkono unajua wenyewe, hata sifikiri. Wewe hili halikupi shida, kaptula yako ya kidato cha kwanza mama aliifumua pindo mara tatu, na ile mara ya tatu ndipo uliponiuliza jina.

Alhamisi 15 Januari

Mwisho wa kutuma ni kesho saa nane mchana. Jaribio la mwisho, la kupitisha mawimbi kwenye mchoro mzima kama ulivyo, linachukua kompyuta saa kumi na moja. Nililianzisha saa mbili asubuhi. Saa tisa mvua ya mawe ikapiga, umeme ukakatika, na betri za mzee hazikuwa zimeshiba kwa sababu jua halijaonekana siku tatu. Kompyuta ikazimika ikiwa imebakiza saa nne. Nimekaa juu ya jora la kaki nikaitukana mvua ambayo wakwe zangu wanaiombea.

Ijumaa 16 Januari

Umeme umerudi asubuhi, lakini saa kumi na moja hazitoshi tena kufika saa nane. Mahesabu ya mikono minne mmoja mmoja niliyafanya wiki iliyopita na yalikuwa sawa. Nikakuomba uukague mchoro kwa macho. Uliacha kifungua kinywa chako ukaupitia wote, mstari kwa mstari, swichi, nyaya, njia, hadi orodha ya vipimo pembeni. Ukasema ni safi, tuma. Nikatuma saa saba na dakika hamsini.

Mzee Chandrakant alileta chai yenye iliki akauliza mume anarudi lini. Kwa mara ya kwanza sikumwambia bado.

"Harudi, mzee," nilimwambia. "Mimi ndiye ninayekwenda."

Akasema vizuri sana, binti, vizuri sana, halafu akashuka bila kungoja vikombe.

Jumamosi 17 Januari

Nimelala mpaka saa nne. Wiki kumi na moja za kusubiri.

Jumatano 28 Januari

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano 11 Februari

Ziwa Singidani limejaa mpaka kwenye mawe yale tulipopigia picha za harusi. Nimekwenda peke yangu na viatu mkononi. Wavuvi wawili walinisalimia, nikawaambia namngoja mtu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Ijumaa 20 Februari

Jicho la kushoto la mama limefanyiwa upasuaji. Daktari amesema lisiguswe na vumbi wiki mbili.

Jumatatu 2 Machi

Leo mama kaona uzi. Ameutunga mwenyewe mara ya kwanza, akacheka kama msichana, akautoa akautunga tena. Kisha akaingia dukani akachagua kitambaa kizito cha kijivu, sufu ambayo Mzee Chandrakant hajawahi kupata mteja wake tangu tukiwa watoto, akanisimamisha na kunipima mabega. Koti. Nikamwambia majibu hayajatoka. Alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kupima. Nilisimama mikono juu, nikahisi vidole vyake vikinizunguka, nikafikiri nani atamshikia tochi umeme ukikatika nikiwa kule. Mtu ana hamu moja akidhani ndiyo yote, kumbe nyingine inajengwa pembeni taratibu.

Ijumaa 6 Machi

Lazima niandike habari za Mzee Chandrakant, maana nimemsema vibaya kwenye kurasa hizi na kichwani zaidi.

Mchana alipanda kutafuta jora, akakaa. Akaanza kunihadithia habari za mkewe, Mitali, ambaye mimi namkumbuka kwa bangili tu. Mwaka ule kabla ya corona mama huyo alikwenda kwa binti yao Vidhi aliyekuwa anajifungua ng'ambo. Alikwenda kwa miezi mitatu. Ndege zikasimama, akakwama, akaugua, akafia huko, na mzee aliuona moto wa mazishi kwenye simu, humu humu chumbani, akiwa amekaa juu ya hayo majora. Nikampa pole.

"Miezi yote ile aliyokwama," alisema, "hakuna aliyeniuliza mama anarudi lini. Walinionea huruma, wakaogopa kuuliza. Nikawa mtu asiye na mke kabla hajafa. Kwa hiyo wewe nakuuliza."

Akachukua jora lake akashuka. Nami nimekaa na aibu yangu. Miezi mitatu mtu ananipa kitu chema kila asubuhi, na mimi namnunia.

Jumamosi 14 Machi

Nimekwenda Nduguti. Alizeti imenipita kimo na imeanza kuinama. Mama mkwe alinipa lita tano za mafuta ya mwaka jana akasema mpelekee mume wako. Lita tano, kwenye ndege! Nimezipokea kwa mikono miwili.

Jumapili 29 Machi

Kule wamesogeza saa zao. Kati yetu kulikuwa na saa mbili, sasa imebaki moja. Najua ni saa za ukutani tu, lakini nimefurahi kutwa nzima kama mtu aliyesogezewa kitu.

Koti limekwisha. Linaning'inia msumarini na lina joto la kumuua mtu.

Jumanne 7 Aprili

Vijiwe vimefika maabara, umenitumia picha ya kiboksi. Utapima kesho. Mvua imepungua, jioni ilikuwa manyunyu tu. Siwezi kula.

Jumatano 8 Aprili

Niliandika kwamba siku moja tusibishane. Basi niandike ilivyokuwa.

Ulipiga saa tisa alasiri. Uso wako ulikuwa karibu mno na simu, nikajua. Ukaniambia swichi zote zinafanya kazi, wimbi linapita vizuri, hasara ni ndogo kuliko tulivyohesabu. Ulizisifu mpaka nikakwambia Hezekia, sema.

Ukasema mkono mdogo umetoa ishirini na tatu na ushee badala ya ishirini na mbili na nusu. Wa pili arobaini na saba nukta saba. Wa tatu tisini na tano nukta nne. Mkubwa mia na tisini nukta nane, na hapo ni karibu digrii kumi na moja zaidi, na kikomo chetu ni tano. Ulidhani ni kosa la kiwanda mpaka ulipogawanya.

"Kila mkono umezidi kwa asilimia sita, Evo," ulisema. "Si tano wala saba. Sita."

Sikuhitaji kufungua faili. Nililifungua tu ili macho nayo yaone. Lilikuwa pale, kwenye orodha ya vipimo pembeni: upana, unene, nafasi, pindo. Moja nukta sifuri sita. Nilibadilisha kila kitu Januari kutoka bodi kwenda kijiweni, na pindo sikuligusa. Mahesabu ya mkono mmoja mmoja hayakulipitia, ni mchoro mzima tu uliolibeba, na mchoro mzima ndio ambao jaribio lake lilikatika na umeme. Lakini umeme sitausingizia. Orodha ile niliisoma siku ya kutuma, kwa sauti. Nililisoma na neno hilo. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kukata sketi nane za vidole vitano, na pindo lilionekana mahali pake kabisa. Nguo isiyo na pindo ndiyo ingenishtua.

Nikakwambia.

"Hata mimi nililiona," ulisema. "Nikajua ni la kwako, nikapita."

Mtu yeyote mwingine wa mradi angesimama pale akauliza hiki ni nini. Angelisoma herufi kwa herufi kwa sababu halijui. Tuliopewa kuukagua ni sisi wawili, watoto wa kufumuliwa kaptula, na kwetu lilikuwa neno la nyumbani.

Kisha ukasema jambo ambalo nimekaa nalo mpaka sasa. Ulisema polepole, huku ukitazama pembeni. Mikono miwili midogo iko ndani ya kikomo. Wa tisini umezidi kwa tano nukta nne, na mtu anaweza kuandika tano. Mkubwa ndio tatizo, lakini vijiwe hivi ni dhaifu, mtu akivigusa bila kuvaa ule mkanda wa kutoa umeme mwilini vinaungua, hutokea kila mwezi. Unaweza kuandika kwamba mkono mkubwa umeungua mikononi mwako kabla ya kupimwa. Lawama itakuwa yako, aibu ndogo. Watakubali saketi kwa mikono mitatu na wataniita nije nisahihishe wa nne nikiwa hukohuko.

"Ripoti ni Ijumaa," ulisema. "Ukiniambia niandike hivyo, naandika."

Nikakwambia nitakujibu.

Alhamisi 9 Aprili

Sijapanda juu. Nimemwambia mama kichwa kinauma, nimelala nikilitazama koti.

Nimeyageuza yote. Nimejiambia nani ataumia? Kosa lenyewe si la ujinga, saketi ni nzima, ni ndefu tu. Ningefika huko ningelisahihisha kwa siku moja. Rada ingetazama mawingu sawasawa na hakuna mkulima hata mmoja wa Nduguti ambaye angenyeshewa vibaya kwa sababu yangu. Na mimi ningekuwa na wewe. Ningekugeuzia kola. Nina miaka thelathini na sita, Hezekia, Septemba thelathini na saba. Zamu nyingine ya kiwanda ni Januari, majibu Aprili, nitakuwa nakaribia thelathini na nane. Siandiki hili ili unihurumie. Ndiyo hesabu niliyoifanya leo kutwa, na hii haina pindo la kupunguza.

Mara tatu nimechukua simu kukuandikia "andika".

Kilichonizuia si utakatifu, unanijua. Nilijaribu kuiona asubuhi ya kwanza kule. Wewe unatoka kwenda maabara na mimi nakufuata, tunafungua mlango mmoja, na juu ya meza kuna kijiwe changu kizima ambacho wewe umesema kimeungua. Itabidi ukifiche, au ukiunguze kweli. Ningekuona ukifanya hivyo. Wewe ambaye ulirudi dukani kutoka stendi kwa sababu Chandrakant alikuzidishia kitambaa mita nzima. Tungeishi miaka miwili chumba kimoja na hicho kitu kati yetu, na kila ukiniambia namba yoyote ningejiuliza kama ndivyo ulivyoiona. Ninayemtamani ni yule wa stendi. Nikimfikia kwa njia hii nitamkuta mwingine.

Jioni mama aliingia, akakaa miguuni pangu. Hakuuliza. Nikamwambia saketi imetoka ndefu, nimesahau pindo ndani yake, na siendi mwaka huu. Akalitazama koti, akashika ukosi wake akaunyoosha.

"Jambo lako limeharibika kwa sababu ya mkono wangu," alisema. Nikamwambia hapana mama. Akasema ndiyo. Tukabaki hapo mpaka giza likaingia na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa.

Ijumaa 10 Aprili

Jua. Mawingu yameondoka, mji unanukia udongo na vitunguu.

Nilipanda juu saa tatu. Mzee Chandrakant aliuliza mume anarudi lini. Nikamwambia sijui mzee, na mimi siendi tena, tungoje mwakani. Akatikisa kichwa akasema kesho atauliza tena. Nikamwambia aulize.

Saa nne nikakupigia. Ulikuwa maabara, nyuma yako mashine zinawaka taa za kijani, umevaa ule mkanda mkononi.

"Andika kama ulivyopima," nilikwambia. "Mia na tisini nukta nane. Kwa mkono wako."

Hukubisha. Uliinamisha kichwa na nikaona utosi wako, nywele zimeanza kukuacha pale katikati na hukuwahi kuniambia. Ukasema nilijua utasema hivyo, nikaomba usiseme. Nikasema hata mimi. Nikakwambia pia uandike sababu, pindo, asilimia sita, kosa la mchoraji. Ukasema la mchoraji na mkaguzi. Tukabishana hapo kidogo na ukashinda.

Kisha ukasema utaratibu unataka mchoraji asomewe hatua zote kumi na sita kabla ripoti haijatiwa saini. Sijawahi kuusikia utaratibu huo. Ukaanza. Hatua ya kwanza, sifuri. Ya pili, ishirini na tatu nukta nane tano. Ya tatu, arobaini na saba nukta saba. Ya nne, sabini na moja nukta tano tano. Namba zote nilikuwa nazijua, mtu ukishajua ni asilimia sita unazipata kwa kichwa, na ningeweza kukukatiza palepale. Sikukukatiza. Mtandao ulitulia kuliko siku yoyote ya mwaka huu, kila neno lilifika kwa wakati wake. Ya tisa, mia na tisini nukta nane. Ya kumi na tano, mia tatu thelathini na tatu nukta tisa. Ya kumi na sita, mia tatu hamsini na saba nukta saba tano.

Ukauliza kama ni sawa, utie saini.

Nikakwambia sikusikia vizuri, anza tena toka sifuri.